Fundi Asiyevujisha

Asubuhi ile mtaa wa vifaa ulikuwa umefurika kama kawaida yake. Mikokoteni ya mabomba ilipita kwa kelele, wauza misumari waliitana, watu walikanyagana viatu na kuombana radhi bila kutazamana. Katikati ya purukushani hiyo alisimama msichana mmoja wa gauni la njano lililokaa vizuri kiunoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kwa sababu alitoka kazini mbio akasahau kuivua. Mkononi alishika kipande cha shaba kilichopasuka. Alikuwa amekwisha kujibiwa "hatuna" katika maduka mengi, na uso wake ulisema wazi kwamba atakayemjibu hivyo tena atajuta.

Zamu hiyo ilimwangukia kijana mrefu wa kibanda cha vifaa vya gesi. Shati lake la bluu lilipigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, jambo ambalo katika mtaa ule wa grisi na vumbi lilikuwa karibu na majigambo. Kila mtu alimwita Valvu. Mbele ya kibanda chake aliweka beseni la maji, na kila alichouza alikiunga kwanza kwenye mtungi mdogo wa majaribio, akakizamisha humo mteja akiona. Kisipotoa kiputo, kinauzwa. Kikitoa, kinatupwa kwenye debe la vyuma chakavu, hata kama mteja mwenyewe anakililia. Wenzake walimcheka kwa beseni lile, lakini wakitaka kitu cha nyumbani kwao walikuja kununua kwake.

Msichana alimwonyesha kile kipande, akamwambia anatafuta kigawanyio cha gesi kama hicho, cha kutoa matawi manne. Mtungi ni mmoja, akasema, na mapipa ni manne.

"Mapipa ya nini, dada?"

"Ya bia."

"Unauza bia?"

"Napika bia. Nyumbani, kwa mikono hii." Alisema kama mtu anayetaja cheo.

Valvu hakucheka, na hilo msichana aliliona. Alikigeuzageuza kile kipande, akachungulia ndani ya kila tundu, kisha akauliza nani alimuuzia. Msichana akasema ni hadithi ndefu. Valvu akamwambia hiki hata kisingepasuka kingemtesa tu, kwa kuwa hakina valvu za kuzuia kurudi. Siku pipa moja likiwa na presha kubwa kuliko jingine, bia hupanda kwenye mpira wa gesi na kutembea mpaka kwa jirani, na ikizidi sana inafika kwenye regulata, kile kichwa cha mtungi kinachopunguza presha.

"Imeshakutembelea?" akauliza.

Msichana alitazama viatu vyake. "Mara moja. Nyeusi iliingia kwa nyeupe."

"Pole. Ukaimwaga?"

"Niliinywa. Nisingewapa watu ushahidi."

Hapo wakacheka wote wawili, na mkokoteni uliokuwa ukitaka kupita ulipiga kelele mara tatu kabla hawajasogea.

Valvu akapanga vigawanyio vitatu juu ya meza, akamwambia achague. Msichana akakidaka kilichong'aa kuliko vyote. Valvu akakirudisha mezani. Alisema hicho kinang'aa kwa rangi tu, ndani ni chuma laini, na kwamba vifaa vya gesi havichaguliwi kama hereni. Maneno hayo yalimuuma msichana. Aliweka mkoba chini, akachukua kile cha shaba kilichofifia, akafungua na kufunga kila kilango kwa dole gumba kusikiliza kama kinakwama. Halafu akaweka mdomo kwenye tawi moja baada ya jingine, akapuliza kwa nyuma, na kila pumzi ilipogoma kuingia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwisho akapima mdomo wa tawi kwa futi yake ya cherehani, ahakikishe mpira alionao nyumbani utaingia kwa kubana.

Valvu alisahau kwamba kuna wateja wengine wanangoja.

"Nani alikufundisha kupuliza kwa nyuma?"

"Ile nyeusi iliyoingia kwa nyeupe," akasema msichana. "Nipe hiki."

Kikazamishwa kwenye beseni, maji yakatulia tuli. Valvu alikifunga kwenye karatasi taratibu kupita kiasi, kisha akaomba namba ya simu ya mteja, kwa ajili ya huduma baada ya mauzo. Msichana alitazama vibanda vyote vya mtaa ule, ambako hakuna aliyewahi kuisikia huduma hiyo, akatabasamu na kuitaja namba. Valvu aliihifadhi kwa jina la Povu.

Huduma ikaanza siku hiyo hiyo. Povu alipiga saa ya chakula cha mchana kuuliza kama mpira unaweza kukatwa kwa mkasi wa kukatia nguo. Valvu alimwambia akithubutu hatazungumza naye tena; mpira hukatwa kwa kisu kikali, mkato mmoja ulionyooka, ili ukae sawasawa. Kesho yake akauliza habari za klampu za kubania mipira, akaambiwa zikazwe zibane lakini zisiume. Keshokutwa ikawa oringi, zile pete za mpira za mapipa, na grisi ya kuzipaka, ile isiyodhuru ikiingia tumboni. Wiki ya pili maswali ya gesi yaliwaishia, lakini hakuna aliyeacha kupiga.

"Umekula?" Valvu angeuliza.

"Nimekula. Wewe umekunywa?"

"Ninywe nini na wewe hujanikaribisha?"

"Bia yangu hainywewi na mtu wa namba ya simu. Hunywewa na mtu wa nyumbani."

"Basi nifanye wa nyumbani, mpenzi, au nife kwa kiu?"

Neno hilo lilitoka lenyewe. Upande wa pili wa simu mashine ya cherehani ilinyamaza. Baadaye kidogo Povu akasema aje Jumamosi, na aje na spana zake.

Povu alikuwa akiishi na wazazi wake na dada yake mkubwa katika nyumba ya ghorofa ya chini, na chumba cha nyuma kilichokuwa stoo alikigeuza kuwa ufalme wake. Kulikuwa na friji kubwa ya kulala aliyoitoboa ubavuni ili mipira ipite, mapipa manne ya chuma yaliyosuguliwa hadi mtu ajione, na harufu ya shayiri iliyochemshwa iliyojikita ukutani. Mapipa hayo yalikuwa na kazi maalumu. Dada yake alikuwa anakaribia kuolewa, na Povu alitangaza mbele ya familia nzima kwamba hakuna kreti ya dukani itakayoingia ukumbini. Wageni watakunywa alichopika yeye.

Baba yake aliguna tu. Mzee huyo alistaafu akiwa msimamizi wa chumba cha kuchachushia katika kiwanda cha bia, na katika nyumba ile hakuwahi kukosea. Mvua ikinyesha siku aliyosema haitanyesha, mvua ndiyo iliyokosea. Mipango ya bintiye aliiita michezo ya jikoni. Akaongeza kwamba ataweka kreti chache kwenye buti la gari, kwa tahadhari tu. Tangu siku hiyo Povu alipika kama mtu aliyetukanwa.

Jumamosi hiyo Valvu alifika na shati jipya na begi la vifaa. Walifanya kazi magoti yakigusana sakafuni. Alimwonyesha jinsi ya kusimamisha mtungi wima na kuufunga kwa mkanda ukutani usije ukaanguka, na jinsi ya kuufungua polepole, kwa kuwa regulata haipendi kushtuliwa. Alimwonyesha washa, kile kiduara chembamba cha plastiki kinachokaa kati ya regulata na mtungi. Alisema hicho ni cha kutumika mara moja tu. Kikishabanwa kimekwisha, na kila mtungi mpya ni lazima upate washa mpya. Akaitoa ya zamani akaitupa. Akaichukua mpya.

Povu alikuwa ameshika bakuli la povu la sabuni la kupaka kwenye viungo kutafuta panapovuja. Akachovya kidole, akampaka Valvu puani.

"Nakagua," akasema. "Naona hapa panavuja majivuno."

Valvu naye akamkagua shavuni. Kukaguana kukaendelea, na busu la kwanza likaja likiwa na ladha ya sabuni, na mimi siwalaumu. Baadaye Valvu aliikaza nati ya regulata kwa nguvu zake zote, wakapaka povu kila mahali, hakuna kiputo kilichotokea. Povu akammiminia glasi kutoka pipa la zamani lililokuwa na mabaki. Valvu akanywa akiwa amesimama. Akasema amezunguka na fani ya gesi tangu akiwa mvulana na hajawahi kuona ikitumika kwa jambo la maana kama hili.

Povu alijiona mrefu kuliko mlango.

Siku chache baadaye, asubuhi na mapema kabla ya kwenda kazini, alifungua mlango wa stoo na kuona mshale wa mtungi umelala chini kabisa. Mtungi mzima ulikuwa mtupu. Alikaa juu ya ndoo akautazama. Harusi ilikuwa mwisho wa wiki.

Kisha akafanya alivyofundishwa. Alianza mwanzo wa njia ya gesi, akachukua spana, akafungua nati ya regulata. Ndani palikuwa chuma kwa chuma. Washa haikuwepo. Kwa kuwa nati ilikazwa kwa nguvu za mtu aliyetoka kubusiwa, ilizuia gesi siku ile ya povu. Lakini usiku ulipoleta baridi na vyuma vikapoa, gesi ikapata upenyo, ikatoka kimya kimya.

Povu alicheka. Ndiyo, kwanza alicheka, kwa sababu alijua ni busu lililofanya kosa hilo, na nusu ya busu ilikuwa yake. Tena aligundua kwamba kile kigawanyio alichokichagua mwenyewe kiliokoa jahazi: valvu zake zilizuia gesi iliyokwisha kuingia kwenye mapipa isirudi nyuma, kwa hiyo bia haikuwa imeishiwa gesi kabisa. Akampigia Valvu akiwa bado anatabasamu, nati mkononi, ili wacheke pamoja.

"Valvu, gesi imeisha yote."

"Haiwezekani," akasema Valvu.

"Nakwambia mtungi ni mtupu."

"Umegusa nini?"

Tabasamu la Povu likasimama. "Sijagusa kitu."

"Basi kuna mtu amegusa. Baba yako labda, au dada. Mpenzi, mimi kazi yangu haivuji. Ulizia mtaa mzima."

"Kwa hiyo haiwezekani wewe ukawa umekosea."

"Kwenye gesi?" Valvu akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Hapana."

"Sawa," akasema Povu, akakata simu.

Angeweza kumwambia. Sentensi moja tu ingemaliza mambo, na dada yake alimwuliza kwa nini hakuisema. Lakini mama yao, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, hakuuliza. Alimsogezea binti yake kiti.

"Mimi nimeolewa na mtu asiyekosea," mama akasema. "Ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Lakini kila kitu kikiharibika ndani ya nyumba, mnabaki watu wawili wa kushukiwa, na mmoja hashukiwi. Umri wote huo, mwanangu, kosa lina mwenyewe mmoja. Upweke wake sikutakii."

Povu alilala na maneno hayo akaamka nayo. Alimpenda Valvu kuliko alivyotaka kukiri, ndiyo maana aliamua kutomsaidia. Kama ni mtu wa kuishi naye, basi ayatafute mwenyewe maneno ya kukiri kosa na kuyasema bila kushikwa mkono. Asipoyapata, ni bora ajue mapema, gauni la harusi likiwa bado la dada yake.

Akaenda kujaza mtungi. Akarudi mtaa wa vifaa kwa gauni la kijivu na kichwa kilichoinuliwa, akapita mbele ya beseni la Valvu kama anayepita mbele ya dirisha la mtu asiyemjua, akaingia kibanda cha pili.

Jirani wa kibanda hicho alikuwa mnene, mcheshi na mwenye wivu wa siku nyingi. Povu alipoondoka, jirani hakukaa hata kidogo. Alikuja kuegemea meza ya Valvu, akamwambia yule mrembo wake amehamia kwake, na kwamba hata yeye ameshangaa, mteja mzuri hivyo kuja kununua kitu kidogo hivyo.

"Amenunua nini?" Valvu akauliza.

"Washa. Ya plastiki. Moja tu."

Jirani alitegemea matusi. Hakuyapata. Valvu alisimama akitazama maji ya beseni. Mtungi mpya, washa mpya: alimfundisha hivyo yeye mwenyewe; lakini ile ya Jumamosi, aliiweka saa ngapi? Alirudisha siku ile nyuma kipande kwa kipande: ya zamani aliitoa akaitupa, hilo anakumbuka, mpya aliichukua mkononi, halafu pua, sabuni, shavu. Halafu nati. Kati ya shavu na nati hapakuwa na kitu.

Alifunga kibanda mchana kweupe, mtaa mzima ukashuhudia, akaenda nyumbani. Lile shati jipya lilikuwa bado kwenye kikapu cha nguo chafu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Valvu kilikuwa mfuko wa kifuani upande wa kushoto: kiduara cheupe, kipya kabisa, kina sabuni iliyokauka.

Alikaa kitandani nacho kiganjani. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kucheka. Kwake halikuwa hivyo. Alianza na begi moja la vifaa vya kuazima, na heshima yote aliyokuwa nayo mjini ilisimama juu ya neno moja, kwamba kilichopita mikononi mwake hakivuji. Sasa kilivuja, na aliyetupiwa lawama alikuwa mtu aliyempenda. Kilichomchoma zaidi ya vyote ni kule kucheka kwake kwenye simu. Kile kicheko cha upole kilimrudia sikioni mpaka akaona haya peke yake chumbani.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda nyumbani kwao, dada akamwambia mlangoni kwamba Povu yuko stoo na amesema asiitwe na mtu yeyote. Kutoka ndani Valvu alisikia mlio wa chuma ukikwaruza sakafu, kwenda na kurudi. Povu alikuwa amepiga magoti, pipa limelazwa sakafuni mbele yake, presha imepandishwa, analibingirisha huku na huku ili gesi iingie katika bia haraka kuliko inavyopenda. Alifanya hivyo pipa baada ya pipa, jioni baada ya jioni, mikono ikamvimba na magoti yakapata michubuko. Dada alimwonea Valvu huruma. Akamkumbusha kwamba kadi ya harusi alikwisha kumpa, na kadi haijafutwa.

Siku ya harusi ukumbi ulipambwa kwa maua meupe na vitambaa vya samawati. Povu alikuwa nyuma ya kaunta, ndani ya gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, mikono mifupi makusudi ili isichovye kwenye bia, nywele amezibana juu na hereni ndogo zikimetameta kila alipogeuka. Mbele yake mabomba manne ya kumimina yalipangwa, na chini ya kaunta, bila pazia, aliuacha mtungi, regulata, kigawanyio na mipira yote vionekane. Hakuwa na cha kuficha. Foleni ilifika karibu na mlango, na wengi walikuwa wakipanga mara ya pili.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaonja. Baba yake aliinama mbele ya mitambo, miwani puani, glasi iliyojaa mkononi. Alivuta mpira huu, akagusa klampu ile, akapitisha kidole kwenye kila nati. Wajomba na mashangazi walimzunguka kungoja hukumu. Ndipo Valvu akaingia na suti ya kijivu na tai, na mzee akanyoosha mgongo akamwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo hapa kijana, watu wakuone." Mzee akamshika bega. "Binti yangu aliwahi kuniambia una mikono isiyovujisha, nami si mtu wa kusifu ovyo. Lakini kazi hii nimeikagua, sijaona kasoro. Hongera sana, fundi."

Makofi yakapigwa. Povu aliacha kumimina. Glasi iliyokuwa chini ya bomba ilibaki nusu, mwenye kuingoja akawa mpole kwa kuwa alimwona uso. Hapo ndipo palipokuwa pahali pa Valvu pa kukiri au kunyamaza, mbele ya watu wote, na sifa ilikuwa imeshawekwa mkononi mwake bila kuiomba. Alichotakiwa ni kusema asante.

"Hapana, mzee," akasema Valvu. "Mara ya kwanza nilifunga mimi, na nilikosea. Nilisahau washa mfukoni, mtungi mzima ukaisha. Halafu nikamwambia binti yako kwamba mimi sikosei, kwa hiyo aliyekosea ni yeye au nyinyi. Hivi unavyoviona amevifunga yeye, peke yake, na bia ameiokoa yeye. Mimi hapa sikushika hata spana. Nimekuja kumwomba radhi, na kunywa kama atanipa."

Ukumbi ulitulia kuliko yale maji ya beseni. Jirani wa kibanda cha pili, ambaye naye alialikwa kwa kuwa alijialika, aliiweka glasi yake chini ili asikie vizuri.

Mzee aliondoa mkono begani. Alimtazama kijana huyo kama anayetafuta kosa la ziada.

"Nimefanya kazi kiwandani maisha yangu yote," akasema polepole, "sijawahi kumsikia fundi akisema hivyo."

"Wala msimamizi," akasema mama, nyuma yake.

Watu walicheka, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Mzee hakucheka. Aliinua glasi kwenye mwanga, akaona jinsi povu lilivyoshika ukuta wa kioo bila kuanguka. Akanywa funda moja akalishikilia kinywani, akanywa la pili. Halafu akaivua miwani.

"Niliita hii michezo," akamwambia binti yake. "Nilikosea."

Mama aliweka sahani aliyoishika juu ya meza iliyokuwa karibu. Alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza amemwona leo, akaja akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka watu wakaona aibu kuwatazama. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba zile kreti ziko bado kwenye buti, na zitarudi zilikotoka.

Povu alimalizia glasi iliyokuwa imengoja, akaikabidhi, akaomba radhi kwenye foleni. Valvu alikuwa amesogea pembeni ya kaunta, tai imekwenda upande, jasho kwenye paji la uso.

"Niliona siku ile ile," Povu akamwambia. "Nati nilikuwa nayo mkononi ulipokuwa ukinicheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini mimi au mikono yako?"

Valvu alifikiri. Angeweza kusema lililo tamu, na wanaume wengi wangelisema. "Siku ile, mikono yangu," akajibu.

"Na leo?"

"Leo nataka mtu wa kuikagua. Sisemi siku moja moja. Kila siku, mpaka tuzeeke. Nikikosea, aniambie, nami nitasema nimekosea, hata kama mtaa mzima unasikia. Povu, nioe au nikuoe, utakavyopanga wewe."

Povu alichukua glasi safi, akaiinamisha chini ya bomba la tatu, akaijaza mpaka povu likasimama juu ya ukingo bila kumwagika tone. Mikono yake ilikuwa bado imevimba, na Valvu aliiona. Akaipokea glasi kwa mikono miwili.

"Nikuoe mimi?" Povu akasema. "Kwanza tai yako ikae katikati. Hiyo ndiyo kazi yangu, njoo." Akainyoosha tai ile shingoni mwake, na mikono ikakawia pale kuliko tai ilivyohitaji. "Ndiyo, mpenzi. Ndiyo, tena nilikuwa nimeshachoka kungoja."

Shangazi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni, ambaye alisikia yote na alitaka kuhakikisha, akauliza huyu kijana wa suti ni nani hasa, maana uso wake haujui.

Povu akajinyoosha ndani ya gauni lake la zambarau, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

"Ni mchumba wangu, shangazi. Fundi wa gesi. Hukosea mara moja moja, na akikosea anasema."